Kufungua madirisha hakuokoi paa wala roho

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu ujumbe mmoja ambao umezunguka sana kwenye simu za watu mtaani kwetu Umoja, na bila shaka umewafikia wasomaji wako wengi. Ni video ya mnara wa vumbi unaozunguka kwenye uwanda fulani upande wa Kitengela. Ng'ombe wanatimka, na sauti ya mwanamume asiyeonekana inatangaza kwamba zile tonado za Marekani sasa zimetufikia. Kisha anatoa agizo: ukiona wingu jeusi linakuja, fungua madirisha na milango yote ili upepo upite, la sivyo nyumba italipuka na wewe ukiwa ndani.

Mimi ni fundi wa paa. Nilianza kazi hii wakati Umoja ilikuwa bado nyumba za chini zenye nafasi ya kuanika nguo, kabla fleti hazijatufungia jua. Na binti yangu ni muuguzi katika jiji la Oklahoma City, mahali ambapo tonado si hadithi za simu. Kwa hiyo agizo lile limenigusa mara mbili: linaharibu kwangu na linaharibu kwake.

Nianze na ile video ili tuimalize haraka. Itazameni tena. Jua linawaka, vivuli vya ng'ombe vinaonekana ardhini, mbinguni hakuna wingu la maana. Kile ni kisulisuli, na mtoto yeyote aliyelelewa Kajiado au Machakos amewahi kukikimbiza akicheza. Ardhi kavu ikipata moto, hewa iliyo juu yake hupanda kwa kasi, ikazunguka na kubeba vumbi, majani na mifuko ya takataka. Kinaanzia chini na hakishikani na wingu lolote. Kinaweza kung'oa hema la harusi au bati lililolegea, lakini mara nyingi kinakufa kabla hujamaliza kukitafutia simu mfukoni.

Tonado huanzia kwenye wingu la radi. Binti yangu alinieleza, nami nikaendelea kusoma mwenyewe. Kwenye nyanda za Oklahoma na Kansas, hasa kati ya Aprili na Juni, hewa yenye joto na unyevu hutoka Ghuba ya Mexico ikakutana na hewa kavu inayotoka magharibi, upande wa milima ya Rocky. Juu zaidi kuna upepo mwingine, wa kasi kubwa na wa mwelekeo tofauti na ule wa chini. Hewa iliyo katikati ya pepo hizo mbili huviringika ikiwa imelala, kama kalamu unayoisugua kati ya viganja. Wingu likiivuta hewa hiyo juu, mzunguko ule unasimama wima, na wingu lenyewe linaanza kuzunguka. Mengi ya mawingu hayo hayafiki popote. Machache huteremsha mzunguko huo hadi ardhini, na hapo ndipo panapokuwa na tonado.

Nairobi tuko karibu na ikweta, na huku kwetu ni mara chache pepo za juu na za chini kutofautiana kiasi hicho. Wingu letu la Aprili hupanda, hulia, humwaga maji yake, likaisha. Ndiyo maana tonado kubwa ni kitu adimu sana hapa. Ila Afrika haijasazwa. Tarehe 15 Desemba 1998 tonado ilipita katikati ya mji wa Umtata, Afrika Kusini, na Rais Nelson Mandela alikuwa ndani ya duka la dawa mjini humo. Alitoka salama, si wote waliokuwa mjini siku hiyo waliosalimika. Mwezi uliofuata, Januari 1999, nyingine ilipiga eneo la Mount Ayliff katika mkoa huo huo ikaua zaidi ya watu 20. Na wavuvi wa Ziwa Victoria wanaifahamu minara ya maji inayoshuka kutoka kwenye wingu hadi ziwani, ambayo Waluo huiita nyakoi. Ukiwa kwenye mtumbwi, kile si kitu cha kukisogelea ukipige picha.

Tena tusiichanganye tonado na kile kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Kile kilitoka Bahari ya Hindi, upana wake ulikuwa wa kuhesabiwa kwa mamia ya kilomita, na watabiri walikifuatilia kwa siku kadhaa kabla hakijaifikia pwani ya Tanzania. Tonado nyingi hazifiki hata kilomita moja kwa upana na hazidumu hata dakika kumi. Lakini ndani ya upana huo mdogo upepo unaweza kupita kilomita 320 kwa saa. Mtu wa kimbunga ana siku za kufunga virago. Wa tonado ana dakika, na dakika hizo ndizo yule bwana wa video anataka tuzitumie kuzunguka nyumba tukifungua madirisha.

Sasa niseme kwa sauti ya fundi. Nyumba hailipuki kwa sababu imefungwa. Nyumba zetu, na hata zao, zina mianya ya kutosha chini ya milango, kwenye vipenyo vya hewa na pembeni mwa dari. Hewa ya ndani haikosi pa kutokea. Kinachong'oa paa ni kitu kingine. Upepo unapopanda juu ya paa, unalivuta kwenda juu. Hilo ni moja. La pili, upepo ukipata tundu, yaani mlango uliovunjika au dirisha lililo wazi upande unakotoka, unaingia na kujaa, kisha unasukuma paa kutoka ndani. Juu kunavuta, ndani kunasukuma, na katikati pana misumari miwili mitatu ya fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda mjengo mwingine. Kwa hiyo anayefungua madirisha anausaidia upepo kazi yake. Mbaya zaidi, amesimama mbele ya kioo wakati mbao na mabati ya jirani yanaruka.

Nimepanda juu ya kuta nyingi baada ya mapaa kuondoka. Kuna shule moja upande wa Kayole, sitaitaja, ambayo paa la madarasa lilibebwa zima likatua uwanjani. Mabati yalikuwa mapya na mbao zilikuwa nzuri. Nilipopanda ukutani nikakuta ule ubao uliolala juu ya mawe, ambao paa zima linaukalia, ulikuwa umewekwa tu juu ya saruji. Hakukuwa na chuma cha kuushika wala utepe wa bati wa kuufunga kwenye jiwe. Paa lilikuwa limekaa pale kwa uzito wake, na siku upepo ulipokuwa mzito kuliko lenyewe, likaenda. Ilikuwa wikendi, Mungu alisaidia. Mwalimu mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba paa lilienda kwa sababu bawabu alisahau kufungua madirisha.

Nilifurahi nilipogundua kwamba mtu aliyewafundisha Wamarekani kuipima tonado alifanya kazi yake kwa jicho kama hilo letu la kupanda ukutani. Alikuwa Mjapani, Tetsuya Fujita, wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1945, akiwa mwalimu kijana nchini kwao, alikwenda Nagasaki na Hiroshima baada ya mabomu ya atomiki na kusoma jinsi miti ilivyoanguka na vitu vilivyoungua ili ajue mlipuko ulitokea wapi. Baadaye alizisoma nyumba zilizopigwa na tonado kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 1971 alitoa kipimo chake, na toleo lililorekebishwa linatumika Marekani tangu 2007, kuanzia daraja la 0 hadi la 5. Kwa kawaida hakuna mtu anayekuwa na kifaa cha kupima upepo katikati ya tonado. Wakaguzi hufika baada ya tukio, wanaangalia aina 28 za vitu, kuanzia nyumba za kuishi na maghala hadi miti na nguzo, kisha wanauliza: hii ilikuwa imeshikwaje? Nyumba iliyopigiliwa misumari tu ikifagiliwa haiwi ushahidi wa upepo mkubwa kama ile iliyofungwa kwa bolti kwenye msingi. Mtu wa namna hiyo ningempandisha ngazi yangu bila kumuuliza cheti.

Fujita huyo huyo ndiye aliyetambua upepo ambao sisi wa Nairobi tunapaswa kuujua zaidi ya tonado. Mwaka 1975 ndege ya abiria ilianguka ikikaribia kutua uwanja wa Kennedy, New York, na zaidi ya watu 100 wakafa. Alipochunguza, alieleza kwamba wingu la radi linaweza kumwaga hewa baridi chini kwa nguvu, na hewa hiyo ikigonga ardhi inatawanyika pande zote. Haizunguki wala haina mkonga wa kuonekana. Unasikia baridi ya ghafla, vumbi linasimama, matone makubwa yanaanza, na kabla hujaanua nguo bati la jirani liko kwenye nyaya za umeme. Wakazi wa Njiru, Ruai na Mukuru wanajua ninachosema. Ukitaka kutofautisha, angalia vitu vimeelekea wapi. Mabati na miti yakilala upande mmoja, au yakitawanyika kutoka sehemu moja kama yaliyosukumwa, huo ni upepo wa kumwagwa. Yakiwa yamepindana na kuelekeana ndani ya ukanda mwembamba, hapo unaweza kuanza kuuliza kuhusu tonado. Katika miaka yangu yote ya kuokota mabati Nairobi, nimeona ya namna ya kwanza tu.

Nirudi kwa binti yangu, kwa sababu najua wasomaji wengi wana watoto au ndugu huko Texas, Kansas, Oklahoma na Missouri. Huko kwao Jumamosi saa sita mchana, ambayo katika miezi hiyo ya tonado ni saa mbili usiku hapa kwetu, ving'ora vya jiji hufanyiwa majaribio. Ndio wakati anaopenda kutupigia. Mara ya kwanza king'ora kilipolia simu ikiwa sikioni, mama yake alianza kuomba kwa sauti. "Mama, ni majaribio tu, kila Jumamosi," akasema, akaendelea kula.

Zikija za kweli, mara nyingi huja alasiri na jioni kwao, na wakati huo sisi tumelala. Ndiyo maana mtu wa Nairobi huamka saa kumi na moja alfajiri akakuta picha za kutisha na akaanza kupiga simu kama aliyechanganyikiwa. Tulieni kidogo, mwelewe matangazo yao. La kwanza husema hali ya hewa inaweza kuzaa tonado. Linashika eneo kubwa na hudumu kwa saa kadhaa, na watu wanaendelea na shughuli wakiwa macho. La pili husema tonado imeonekana kwa macho au kwa rada, na hilo ni la kujificha sasa hivi. Ukiona tangazo la kwanza, unaweza kumpigia umuulize swali moja: utajificha chumba gani? Likitoka la pili, mwache. Simu yake inapaswa kupokea maonyo, si maombi ya shangazi watatu kwa mpigo.

Na jibu la swali hilo liwe hivi: ghorofa ya chini kabisa, katikati ya nyumba, chumba kidogo kisicho na dirisha, kuta nyingi iwezekanavyo kati yake na nje. Kama kuna handaki la dhoruba, vizuri zaidi, ingawa nyumba nyingi za Oklahoma hazina vyumba vya chini ya ardhi. Binti yangu anaishi juu, kwa hiyo amekubaliana na jirani wa chini, bibi mmoja mwenye paka mkorofi, kwamba king'ora kikilia watakaa wote kwenye bafu la bibi. Ana viatu mlangoni, kwa sababu baada ya dhoruba chini huwa misumari na vioo vitupu. Ana kofia ngumu ya baiskeli, kwani wengi huumizwa na vitu vinavyoruka, na kichwa ndicho cha kwanza kulindwa. Nilicheka aliponionyesha, kwa kuwa mabodaboda wetu wanazo kofia nzuri kuliko hiyo na wamezitundika kwenye usukani. Anayeishi kwenye nyumba ya kuvutwa na lori, hata iwe imefungwa kwa nyaya, atoke mapema aende kwenye jengo la kudumu.

Shangazi yake alimwambia akimbilie chini ya daraja la barabara kuu. Ushauri huo nao una video yake. Mwaka 1991 watu wa televisheni walijificha chini ya daraja huko Kansas, wakapona, na picha zikazunguka dunia kabla hata hatujapata simu za mkononi. Waliona tonado dhaifu ambayo haikuwapiga sawasawa. Miaka minane baadaye, tarehe 3 Mei 1999, watu katika Oklahoma walifanya hivyo hivyo mbele ya moja ya tonado kali zaidi kuwahi kupimwa, yenye upepo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa. Siku hiyo watatu walikufa chini ya madaraja, mmoja wao katika tonado nyingine. Pale chini upepo unabanwa na kuongeza kasi, na hakuna ukuta wa kuzuia vinavyoruka.

Kuna mji unaitwa Moore, kusini tu mwa Oklahoma City. Tonado hiyo ya 1999 iliupiga, na tarehe 20 Mei 2013 ukapigwa na nyingine iliyoua watu 24, wakiwemo watoto saba ndani ya shule moja ya msingi. Mwaka uliofuata mji ulibadilisha sheria ya ujenzi: nyumba mpya zihimili upepo wa kilomita 217 kwa saa, mbao za paa zifungwe kwa vyuma kwenye kuta, na kuta zifungwe kwa bolti kwenye msingi. Hakuna aliyedai kwamba hilo lingeizuia tonado ya daraja la 5. Walijua kwamba nyumba nyingi haziko katikati ya njia ya tonado. Ziko pembeni, ambako upepo ni mdogo kidogo, na huko utepe wa chuma unaamua kama paa litabaki au litaenda kuvunja la mwenzake.

Hilo ndilo la kuiga, na kwetu ni rahisi zaidi. Idara ya hali ya hewa pale Dagoretti Corner ikitoa tahadhari ya upepo mkali, mara nyingi hutaja noti 25, kipimo cha mabaharia, ambacho ni kama kilomita 46 kwa saa. Nguvu ya upepo kusukuma huongezeka mara nne kasi ikiongezeka maradufu, kwa hiyo huo wa noti 25 haufikii hata sehemu moja ya 40 ya nguvu ya tonado ya daraja la juu. Na bado mapaa yetu yanaruka! Utepe wa chuma wa kuzungushia mbao na kuingiza ukutani wauzwa kwenye hadiwea yoyote ya Kariobangi, kwa bei ambayo mwenye ploti hutumia kwa chakula cha mchana. Misumari ya mabati ipigwe kila wimbi la pili pembeni na kwenye kingo, maana upepo huanza kung'oa kwenye kingo. Na wale wanaoweka mawe na tairi kuukuu juu ya mabati ili yasiende, nawaelewa, lakini jiwe likitoka juu na upepo linamfuata mtu.

Dhoruba ikija ukiwa nje, ondoka chini ya mabango ya matangazo na mikaratusi, ingia kwenye jengo la mawe. Ukiwa ndani ya nyumba ya mabati na kuna ukumbi wa kanisa au shule ya mawe karibu, nenda wingu likiwa bado mbali. Ndani ya nyumba funga madirisha na milango, kisha kaa mbali navyo. Waya ulioanguka usiuguse hata kama stima imepotea mtaa mzima.

Kwako Mhariri, nina ombi. Mnapochapisha habari za tonado za ng'ambo, pamoja na idadi ya waliokufa tuambieni ilikuwa ya daraja gani na nyumba zilikuwa zimejengwaje. Na tahadhari za upepo za Dagoretti Corner ziwekeni ukurasa wa mbele, kwa kilomita, si kwa noti.

Na kwa wakaguzi wa majengo ya shule: mnapokuja kutoa kibali, kuna yeyote kati yenu anayepanda kuangalia kama ule ubao wa juu ya ukuta umefungwa na kitu? Kama kinachokosekana ni ngazi, mimi ninayo.

Fundi wa paa,
Umoja, Nairobi